Maji Yaliyopikwa Hayamfai Samaki

Kila mvua zinapokoma na vumbi jekundu linapoanza kutua juu ya mabati ya Tenke, yaani msimu ule ambao mapipa yaliyokinga maji ya mbinguni hukauka na wafugaji wa samaki wa mapambo wakarejea kwenye robine na visima, hunijia swali moja ambalo limenichosha, nalo huja kwa vinywa mbalimbali lakini kwa adabu ya namna moja: "Papa, mayi ya samaki tunatokoteshaka dakika ngapi?" Mmoja ameambiwa dakika tano, mwingine kumi, na wa tatu amepewa na jirani yake sharti la nusu saa pamoja na konzi ya chumvi; walakini wote watatu wameafikiana juu ya kuchemsha kwenyewe, na hitilafu yao ni ya saa tu. Nimelijibu swali hili kwa upole na nimelijibu kwa ukali, na leo nalijibu kwa wino, ili atakayeliuliza tena aelekezwe kwenye karatasi badala ya mlangoni pangu: dakika sufuri. Maji ya kubadilishia hodhi la kioo hayachemshwi, na kwa samaki wepesi wa kudhurika, mathalani hao Tropheus wa ziwa Tanganyika ambao ndio fahari ya mahodhi mengi ninayoitwa kuyatazama, ihtiyati hiyo ya moto ndiyo madhara yenyewe.

Sitaeleza hapa chujio huwekwa namna gani, wala kwa nini sehemu ya maji hubadilishwa kila juma. Msomaji wa safu hii anayajua hayo, na pengine amekwisha kuyalipia kwa samaki aliowakuta asubuhi wameelea ubavu juu. Nina hoja moja tu ya kuivunja, nayo imeota mizizi kiasi kwamba yahitaji kung'olewa polepole na kwa ukamilifu. Yale ya kutenda yatakuja mwishoni, kwa haraka, kwa kuwa ni mepesi.

Asili ya itikadi hii naijua, tena ni asili njema. Katika Katanga ya zamani, hasa kandokando ya Tanganyika na ya maziwa ya Upemba, kipindupindu hurudi kila baada ya muda, na watumishi wa afya wamefundisha kwa miaka mingi, nao wamesema kweli, kwamba maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. Hapa petu, penye mwinuko wa karibu mita 1,400, maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na bado joto hilo latosha kabisa kuviangamiza vijidudu hivyo kwa dakika moja. Mama anayewachemshia wanawe maji anatimiza wajibu wake, na haya niandikayo yasimtie shaka hata kidogo. Kosa huanza pale ambapo sheria iliyowekwa kwa ajili ya tumbo la mtoto huhamishwa, bila mtu kuuliza, ikafanywa sheria ya matamvua ya samaki.

Samaki wa maji baridi hanywi ila kidogo sana. Yeye anayapumua maji, na kupitia utando mwembamba wa matamvua yake oksijeni huingia, amonia hutoka, na zile chumvi chache za mwilini huvutwa ndani zisipotee. Vijidudu anavyoviogopa mwanadamu sivyo vinavyomuua samaki siku ya kubadilisha maji, na bakteria wengi wa hodhini ni watumishi wake, maana wao ndio wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitriti kuwa naitreti. Yanayomuua siku ile ni mambo manne: klorini iliyotiwa na wasafishaji wa maji, metali zilizoyeyuka na hasa shaba, badiliko la ghafula la pH, na badiliko la ghafula la joto. Katika manne hayo moto huondoa la kwanza, huyazidisha la pili na la tatu, na la nne huliumba wenyewe. Mganga anayeponya maradhi moja na kuleta matatu hapaswi kuitwa tena nyumbani, walakini huyu anaitwa kila juma.

Neno ambalo ningependa msomaji abaki nalo hata akisahau mengine yote ni hili: samaki hana haja ya usafi kwa maana tunayoijua jikoni. Haja yake ni maji yanayofanana na yale aliyolala nayo. Tropheus moorii, aliyeelezwa na mtaalamu Boulenger mwaka 1898, huishi kwenye mawe ya ukingoni mwa ziwa akila mwani, na kundi lake laweza kumaliza umri wake wote katika mwamba mmoja, kwa kuwa halivuki kwa wepesi mchanga au kina kinachoutenga mwamba huo na wa pili. Ndiyo sababu rangi zake zimehitilafiana toka ufuko hata ufuko, na wale wa upande wa Moba sio wale wa ng'ambo. Maji yanayomzunguka huko yana pH iliyo karibu na 9, joto la nyuzi 24 hadi 28, bikaboneti kwa wingi, na magnesiamu inayoizidi kalisiamu. Na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halibadili tabia yake kwa mvua ya alasiri moja. Kiumbe aliyezoezwa utulivu wa namna hiyo kwa vizazi visivyohesabika hakuumbwa kustahimili pipa linalokuja na tabia mpya kila Jumamosi, hata kama pipa hilo ni angavu na tohara.

Sasa tutazame kinachotendeka sufuriani. Maji ya visima vyetu, maadamu yamepita katika miamba ya dolomiti ambayo ndiyo iliyoyabeba madini ya Tenke na Fungurume, aghalabu huja yameyeyusha kalisiamu, magnesiamu na bikaboneti. Yaani huja yamebeba zile zile bidhaa ambazo wafugaji wa Ulaya wenye maji mepesi huzinunua katika makopo ili waige maji ya Tanganyika. Mtu wa Tenke amejaliwa kuzipata bure, naye anaziweka juu ya mbabula. Maji yanapopata moto, hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti huvunjika, na kalisiamu hushikamana na kaboneti ikawa ule ukoko mweupe ambao kila mwenye nyumba ameukwangua ndani ya birika lake. Ukoko huo ndio hoja yangu iliyo bayana kuliko zote, kwani umo katika kila jiko na hauhitaji maabara wala cheti: weupe wote unaoonekana hapo ulikuwa majini kabla ya kupikwa, na sasa haumo.

Na ulikuwa na kazi. Bikaboneti ndizo zinazoizuia pH isiyumbe, kwa sababu bakteria wa chujio, katika kuigeuza amonia, huzalisha asidi kila siku, na asidi hiyo hula bikaboneti kabla ya kupata nafasi ya kuishusha pH. Mfugaji anayetia maji yaliyochemshwa juma baada ya juma anaipunguza akiba hiyo bila kuona badiliko lolote kwa macho, na miezi ikipita hodhi lililokuwa limetulia juu ya 8 huanza kuporomoka, huku mwenyewe akishangaa, kwa kuwa maji yake yamezidi kuwa maangavu wakati yamezidi kuwa mageni. Hapo ndipo huongeza dakika za kuchemsha.

Shaba ni habari nyingine, na mkaazi wa mji ambao reli za Bukama na Dilolo hukutana kwa ajili ya shaba hana udhuru wa kutoijua. Vilima vya Tenke na Fungurume vyenye madini hutambulikana kwa mbali kwa kukosa miti: miombo hukoma chini ya kilima, na juu yake huota nyasi na maua yaliyozoea shaba, ambayo wataalamu wa mimea, akiwamo François Malaisse, wameyaandikia kwa miaka mingi. Ardhi iwezayo kuukataza mti usiote haishindwi kumdhuru samaki wa gramu chache. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa, na kwa mwanadamu hesabu hiyo ni ya amani. Lakini wafugaji wa samaki wa baharini, ambao huitumia shaba makusudi iwe dawa ya kuua vimelea, hukomea kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20, tena hupima mara kwa mara kwa hofu ya kupita mpaka, na konokono na kamba wa hodhini hawangoji kufika hapo ndipo wafe. Basi maji yaweza kuwa halali kwa baba mwenye nyumba na bado yakawa na shaba mara kumi ya ile ambayo tabibu wa samaki huitia kwa mkono unaotetemeka.

Shaba hushambulia matamvua yenyewe, ikiuzuia mwili usivute sodiamu, na yanayoipunguza makali ni mambo mawili: kalisiamu, ambayo hugombea nayo nafasi ile ile juu ya utando wa matamvua, na kaboneti, ambazo huifunga isiwe huru. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yaliyobaki birikani katika sura ya ukoko. Shaba nayo haigeuki mvuke; maji yanapopungua kwa kutokota, iliyomo hubaki katika maji machache zaidi, na hata kama sehemu yake itanasa katika ukoko, iliyosalia humkuta samaki katika hali ya mtu aliyevuliwa koti usiku wa Julai. Anayechemsha maji katika nchi ya shaba ili amlinde samaki wake amechagua, miongoni mwa njia zote zilizopo, ile inayoiacha sumu na kuitupa kinga.

Hewa ya kupumua nayo hutoka. Katika mwinuko wetu maji ya nyuzi 25 yakishiba hubeba miligramu 7 hivi tu za oksijeni kwa lita, ilhali pwani yangebeba zaidi ya 8, na yaliyotokota kisha yakafunikwa vizuri na mama mwenye nidhamu hubaki na kiasi kidogo mno. Hili laponyeka kwa kuyamimina kwa juu na kuyapulizia hewa, kwa hiyo sitalikuza. Gharama haiponyeki. Kuzipandisha lita 60 kutoka nyuzi 20 mpaka kutokota juu ya mbabula ya kawaida hula takriban kilo 3 za makala, na hesabu hiyo hurudi kila juma, na kila kilo hukatwa katika miombo ambayo kila mwaka huzidi kuwa mbali na mji, kwa kazi ambayo matone machache ya dawa huitimiza kabla mkaa haujashika moto.

Hapa hunikatiza mtu, naye aghalabu si mjinga: "Lakini miye natokoteshaka, na samaki yangu iko muzima." Simwiti mwongo, kwani mara nyingi asemayo ni kweli, ila sababu anayoitaja siyo. Aliyechemsha maji amelazimika kuyaacha yapoe usiku kucha, na kwa hiyo yamelala. Amechemsha kwa sufuria, na kwa hiyo hakupata lita nyingi. Na kwa kuwa hakupata lita nyingi, amebadilisha sehemu ndogo tu ya hodhi, kwa taratibu, mara kwa mara. Klorini imekwenda zake, joto limelingana na la chumba, na kiasi kimekuwa kidogo kiasi kwamba hata maji mabaya yasingeweza kuleta msiba mkubwa. Subira, uchache na utaratibu vimefanya kazi, na moto umepokea sifa. Na ayaache mtu huyo maji yake mabichi katika pipa lililo wazi, yenye pampu ya hewa, kwa siku moja, kisha abadilishe kiasi kile kile kwa mwendo ule ule. Samaki wake watakuwa wazima vile vile, tena watabaki na kalisiamu yao, na makala yatabaki guniani.

Shahidi wa pili wa wenye moto husema kinyume, naye ndiye mwenye machozi: alitia maji mabichi, na alfajiri ya pili akawakuta wote wamekufa. Huyu namwamini neno kwa neno, na kisa chake nakifahamu kabla hajakimaliza. Hodhi lililosahauliwa kwa miezi, lisilobadilishwa maji ila kuongezewa yale yaliyokauka, hupoteza bikaboneti zake, pH yake ikashuka hata 6.5 au chini ya hapo, na bakteria wa chujio wakalegea katika kazi yao. Amonia hujikusanya, lakini kwa pH ya namna hiyo karibu yote imo katika sura ya amoniamu, ambayo haipenyi matamvua kwa wepesi, na samaki huishi kwa tabu pasipo kufa. Siku mwenyewe anapozindukana, akaja na toba na ndoo, akamwaga nusu ya maji na kutia mengine yenye pH ya 8.5, sura ile hugeuka papo hapo. Katika joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kwenye pH 7 ni asilimia 0.5 hivi, kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 5, na kwenye pH 9 hupita theluthi ya yote. Sumu ilikuwa ndani ya nyumba tangu zamani, na maji mapya yaliifungua tu. Kulaumu ubichi wa maji hapa ni dhuluma, na kukimbilia sufuria hakuna maana, kwa sababu kutokota nako hufukuza hewa ya ukaa na kuipandisha pH ya maji; aliyeua kwa maji mabichi angeweza kuua kwa yaliyopikwa, kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa ajili ya insafu niseme kwamba pana mlango mmoja ambao wenye moto wangeweza kupita kwa heshima, na la ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuujia. Wafugaji wa Ulaya wa zamani, waliokuwa na maji magumu na samaki wa maji mepesi, waliyachemsha maji makusudi ili ukoko ushuke chini, kisha wakamimina yale ya juu tu na kuyaacha masimbi. Mwenye kufuga Phenacogrammus interruptus, yule samaki wa mto Kongo mwenye mapezi marefu na rangi za upinde wa mvua, angeweza kuitetea njia hiyo. Lakini hata yeye, akiwa mwana wa Lualaba, ambako mbingu hufunguka kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, ana maji mepesi yanayomwagika juu ya bati lake bila ankara. Kwa wenye Tropheus mlango huo umefungwa kabisa.

Na kwa kuwa nimeitaja shaba, jiwe la malakiti litoke hodhini leo hii. Najua ni zuri, najua vijana huling'arisha na kuliuza barabarani kutoka Kolwezi hadi Likasi, na najua kijani chake hupendeza chini ya taa. Lakini ni kaboneti ya shaba, na kila pH inaposhuka kidogo huachia kidogo. Nimemwona mtu mwenye elimu yake akiliweka humo kwa sababu dukani aliuziwa dawa ya samaki iitwayo kijani cha malakiti, akadhani jiwe na dawa ni ndugu. Dawa ile ni rangi ya maabara isiyo na hata chembe ya shaba, na jiwe lile halijapata kumponya samaki yeyote. Konzi ya chumvi ya yule jirani wa nusu saa nayo irudi jikoni: chumvi ya mezani haimpi Tropheus bikaboneti wala magnesiamu, ambavyo ndivyo alivyokuwa navyo kwao.

Yafaayo ni haya.

Klorini. Pima kwanza, kwa vibanzi au matone ya kupimia mabwawa ya kuogelea. Maji yaliyotiwa dawa, yawe ya shirika la maji la REGIDESO au ya kisima cha mtaa, hutakiwa yamfikie mnywaji yakiwa yangali na miligramu 0.2 za klorini kwa lita angalau, na siku za kipindupindu huzidishwa; hata hiyo 0.2 huunguza matamvua. Thiosulfeti ya sodiamu, ambayo wapiga picha wa zamani waliitumia kukazia picha na ambayo ndiyo kiini cha dawa nyingi za dukani, huimaliza kwa dakika chache: yeyusha gramu 10 za fuwele katika lita 1 ya maji, kisha tia mililita 15 za mchanganyiko huo katika bidoni la lita 20 lenye klorini ya miligramu 1 kwa lita. Klorini ikiwa maradufu, tia maradufu. Kuzidisha kidogo hakudhuru. Ukiikosa, vitamini C tupu isiyo na sukari, rangi wala povu, miligramu 50 kwa bidoni hilo hilo. Ukikosa yote mawili, pipa la mdomo mpana lenye pampu ya hewa, saa 24 hadi 48. Bidoni lililokazwa kifuniko halihesabiwi kuwa limelaza maji. Na ndugu zetu waliohamia Marekani wajue kwamba miji mingi ya huko hutia kloramini, ambayo hailazwi ikaondoka, wala moto hauitoi upesi. Huko dawa ni lazima, tena iwe ile inayoifunga na amonia pia.

Shaba. Kama nyumba ina mabomba ya shaba, acha robine itiririke dakika mbili au tatu kabla ya kukinga, hasa asubuhi. Usichote mto uliopita chini ya machimbo, hata ukiwa mwangavu. Nunua kipimo cha shaba kabla ya kununua samaki mwingine. Kikionyesha rangi, tumia kaboni amilifu au dawa inayofunga metali, wala usiitegemee thiosulfeti kwa kazi hiyo, au liache chimbuko hilo uhamie kwenye mvua.

Mvua. Mvua za kwanza za msimu ziache zioshe vumbi la barabara za machimbo lililotua juu ya bati, na katika kila mvua dakika kumi za mwanzo zipite bure. Maji ya mvua ni matupu: yachanganye na ya kisima yaliyopimwa, kisha tia bikaboneti ya soda, gramu 6 kwa kila lita 50, ambazo hupandisha ugumu wa kaboneti kwa digrii 4 za Kijerumani, na urudie mpaka ulingane na wa hodhi lako, pamoja na chumvi ya Epsom kidogo kwa ajili ya magnesiamu. Yote hayo hufanyika ndani ya pipa. Hodhini hakutiwi unga wowote.

Joto. Usiku wa Juni na Julai juu ya uwanda huu mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, na bidoni lililolala uani hulala nao. Liingize nyumbani siku moja kabla. Tofauti kati ya pipa na hodhi isizidi nyuzi 2. Ukilazimika, pasha lita chache na kuzichanganya katika pipa huku ukipima. Kupasha naruhusu.

Kiasi. Moja ya tano kwa juma yatosha. pH ya pipa na ya hodhi zisipishane zaidi ya 0.3, mimina kwa mpira mwembamba, bila pupa. Hodhi lililosahauliwa, pima amonia kabla ya kugusa ndoo: badilisha moja ya kumi kila siku kwa maji yenye pH ya karibu na ile iliyomo, punguza chakula, na amonia itakaposomeka sufuri ndipo uanze kuipandisha pH, kidogo kidogo, kwa majuma.

Anayetaka kunijia baada ya haya aje na namba tano zilizoandikwa: pH ya hodhi, pH ya pipa, joto la hodhi, joto la pipa, na amonia. Mwenye nazo nitamjibu siku hiyo hiyo na kwa furaha. Asiye nazo anataka apigiwe ramli, na elimu hiyo sikuisomea.